Asiyekwenda Kupiga Kura Naye Amesema

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya wanachama na wananchi wa Kata ya Izia, Sumbawanga Mjini)



Nimetakiwa nieleze mwelekeo wa kisiasa wa mji wetu. Kazi hiyo ningeweza kuimaliza kwa sentensi moja: Sumbawanga ni ngome ya Chama, na ndivyo tunavyohesabiwa na wakubwa wa Dar es Salaam na Dodoma. Lakini hesabu hiyo huwatazama waliofika vituoni peke yao. Mimi leo nataka tuwazungumzie wale waliobaki nyumbani.

Mwaka 2005, kati ya kila watu 100 walioandikishwa nchini, 72 walipiga kura. Mwaka 2010 walipiga 43 tu: watu milioni 8 na laki 6, kati ya milioni 20 waliokuwamo katika daftari. Ni kweli daftari lile lilikuwa na majina ya marehemu na ya waliohama, lakini marehemu hawawezi kueleza pengo lote hilo. Mwaka 2015, ushindani ulipokuwa mkali, wakapanda hadi 67. Mwaka 2020 wakashuka tena wakawa 51. Tume ilitangaza asilimia 87 kwa mwaka 2025, lakini uchaguzi ule, ambao CHADEMA hakikuwamo na ambao uligubikwa na umwagaji damu, unahitaji mkutano wake peke yake. Sitautumia kujenga hoja yangu.

Wako wenzetu wasemao kwamba watu ni wavivu. Aliyewahi kumwona mkulima wa Ufipa akifukia majani ndani ya matuta kwa jembe la mkono hawezi kutamka neno hilo.

Wengine husema ni majira, na hapo pana ukweli. Manispaa hii si maduka ya barabara kuu pekee. Ndani yake mna Pito, Mollo, Matanga, Ntendo na Senga, ambako watu huishi kwa kulima. Hata hapa Izia ziko nyumba nyingi zenye shamba mbali na mji. Oktoba ni mwezi wa kuandaa shamba na kungojea mvua ya Novemba. Aliyejiandikisha hapa, na siku ya kura yuko bondeni Rukwa, kura yake imepotea. Hata hivyo, mwaka 2005 uchaguzi uliahirishwa kutoka Oktoba, ukafanyika tarehe 14 Desemba, mvua zikiwa zimeshika na watu wakiwa shambani. Mbona mwaka ule nchi ilijitokeza?

Kwa maoni yangu, chanzo kikubwa ni kwamba mwananchi anaona shauri limekwisha kuamuliwa kabla hajafika.

Tukumbuke mwaka 1965. Chama kilikuwa kimoja, TANU. Wajumbe wa mkutano wa wilaya walipima majina, Halmashauri Kuu ikateua wawili kwa kila jimbo, mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Kisha aliyeamua ni mwananchi, awe ana kadi au hana. Mawaziri walianguka mwaka ule, akiwamo Waziri wa Fedha, Ndugu Paul Bomani. Simwombi mtu yeyote aturudishe kwenye chama kimoja. Sheria ya 1992 ilikwisha kufunga ukurasa huo. Nasema tu kwamba utaratibu ule, pamoja na kasoro zake, ulimwachia mpiga kura jambo la kuamua.

Leo, katika jimbo linaloitwa ngome, Chama huteua mmoja, na mwananchi hubaki na kazi ya kupiga muhuri. Mwaka 2010 wanachama wote waliruhusiwa kupiga kura za maoni. Mwaka 2020 tukarudi kwa wajumbe. Wajumbe waliongezwa mwaka 2025, lakini bado kijana wa bodaboda na mama muuza dagaa wanasikia jina redioni kama wanavyosikia habari za hali ya hewa.

Na hiyo ngome yenyewe tusiiamini mno. Mwaka 2010 ubunge wa Sumbawanga Mjini uliamuliwa kwa tofauti ndogo ya kura. Mahakama Kuu ikayatengua matokeo mwaka 2012, na rufaa ikafuata. Mji uliodhaniwa umelala ulikuwa umegawanyika.

Najua atatokea mtu aseme: ushindi ni ushindi, hata wakija wachache. Mtu huyo namwuliza habari ya mahindi. Serikali ilipozuia mahindi kwenda nje mwaka 2011, na tena mwaka 2017, mkulima wa Rukwa, jirani wa Zambia, ndiye aliyebaki na magunia na bei mbovu. Wakala wa Hifadhi ya Chakula ukiishiwa fedha kabla ghala la mkulima halijaisha, yeye ndiye anayengojea. Siku hiyo mbunge husimama kusema kwa niaba ya nani, kama nusu ya watu wake hawakumtuma? Mwelekeo wa kisiasa wa mtu wa Ufipa mtautafuta bure kwenye kadi, uko ghalani.

Kwa hiyo naleta mambo mawili mbele ya kikao hiki. Kwanza, kila balozi apite katika nyumba zake kumi na daftari, aulize kwa adabu, pasipo kitisho wala kuandika majina: mara ya mwisho hukwenda kupiga kura kwa sababu gani? Majibu yasomwe tawini kama yalivyo, hata yakiwa machungu. Pili, kata yetu ipeleke rai kwamba kura za maoni zirudishwe kwa wanachama wote, na kwamba kabla ya hapo waombaji wasimame hadharani, waulizwe maswali na yeyote mwenye haki ya kupiga kura katika jimbo hili.

Ndugu Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali, na ningeomba waanze wale wasio na kadi.