Namba Moja, Mkataba Mmoja



Juzi nilikuwa Geita. Mzee mmoja mwenye duara alinipa mkataba wake nimsomee. Ulikuwa umechapwa vizuri, una mhuri na sahihi zote. Lakini ukurasa wa kwanza ulikuwa na namba moja ya leseni, na ukurasa wa tatu namba nyingine. Tena uliandikwa "Geita, Mkoa wa Mwanza", ilhali Geita ni mkoa kamili tangu mwaka 2012.

Nikamwuliza, "Mzee wangu, leseni ni ipi kati ya hizi?"

Akajibu, "Mwanangu, hiyo ya pili siijui."

Kilichotokea ni hiki. Mchapaji alichukua mkataba wa zamani wa mtu mwingine, akafuta na kuandika juu yake. Palipomponyoka, pakabaki vilevile. Tusimcheke, foleni ya steshenari tunaijua, kuanzia Geita hadi Kahama na Shinyanga mjini. Lakini siku mawe yatakapotoa dhahabu, mwenye shamba, mwenye leseni na mwenye duara watagawana mifuko kwa karatasi hiyo hiyo. Hapo namba mbili ni ugomvi.

Dawa imo ndani ya kompyuta. Katika programu ya Microsoft Word kila waraka una sifa zake, kama jina la mwandishi na tarehe. Mchapaji anaweza kuongeza sifa za kujitungia mwenyewe. Afungue File, Info, Properties, kisha Advanced Properties, aende Custom. Aandike jina la sifa, tuseme NambaYaLeseni. Achague aina yake: maandishi, tarehe, namba, au ndiyo na hapana. Kwa leseni achague maandishi, maana namba zake huchanganyika na herufi. Aijaze namba yenyewe, abonyeze Add.

Tangu hapo asiiandike tena namba hiyo kwa mkono. Kila inapotakiwa aende Insert, Quick Parts, Field, achague DocProperty na jina lile. Akija mteja mwingine, atabadili mahali pamoja tu, achague waraka wote kwa Ctrl na A, kisha abonyeze F9. Namba zote zitafuata. Maandishi ya juu na chini ya kurasa ayakague peke yake.

Mkoa, kijiji na tarehe ya leseni kwisha navyo viwekwe hivyo hivyo. Leseni ndogo ya uchimbaji, kwa Sheria ya Madini ya 2010, hudumu miaka saba, kisha huhuishwa. Tarehe ikikosewa, mtu hulala akiamini yuko salama.

Tahadhari moja: sifa hizo husafiri na faili. Ukimtumia mtu faili lililotokana na mkataba wa jirani, jina la jirani huenda limo ndani.

Nawe mwenye duara, kabla ya kutia dole gumba, somewa kila ukurasa. Kompyuta haijui leseni ni ya nani, wewe unajua. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lenye namba mbili halina tofauti na kukosa daftari.

Kwaherini.