Njia ya Safari Rally na Barabara ya Karema

Jaribio la kwanza la ustahimilivu wa barabarani lililofika Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika katika mkoa wa leo wa Katavi, halikuwa na injini. Mwaka 1879 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aligharamia tembo wanne kutoka India, pamoja na waongozaji wao, wakashushwa pwani ya Msasani, kaskazini mwa Dar es Salaam, chini ya Mwairishi Frederick Carter. Shabaha ilikuwa ya kibiashara: kujua kama tembo aliyefugwa angeweza kubeba mizigo hadi Ziwa Tanganyika bila kuuawa na mbung'o, ili gharama ya wapagazi ipungue. Mmoja alikufa Mpwapwa. Wawili wakafia mbele ya hapo. Mmoja tu, aliyeitwa Pulmalla, ndiye aliyefika Karema, kwenye kituo ambacho Mbelgiji Kapteni Cambier alikuwa amekifungua miezi michache iliyotangulia.

Carter mwenyewe hakurudi pwani. Juni 1880 aliuawa Pimbwe, pamoja na mwenzake Cadenhead, mikononi mwa wapiganaji wa Mtemi Mirambo wa Unyamwezi. Miaka mitano baadaye kituo cha Karema kilikabidhiwa kwa mapadre wa White Fathers, na habari za tembo zikabaki kwenye vitabu.

Habari hizo zinafaa kutangulia mhadhara unaohusu njia za mbio za magari, kwa kuwa swali lililoulizwa 1879 ndilo lililoulizwa tena 1953, safari hii kwa magari yenye namba ubavuni: je, chombo hiki kitapita barabara hii, na kitatumia muda gani? Katikati ya tarehe hizo alipita Paul Graetz, ofisa wa Kijerumani aliyeondoka Dar es Salaam kwa gari Agosti 1907 na kuifikia Swakopmund, pwani ya Atlantiki, Mei 1909. Karibu miezi 21. Petroli ilibidi itangulizwe njiani, maana hapakuwa na mahali pa kuinunua.

Mwanzo wa mbio zenyewe husimuliwa hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakazi wa Kenya waliopenda magari walikuwa na mzunguko wao wa Langa Langa, upande wa Gilgil. Eric Cecil alimshawishi binamu yake, Neil Vincent, ashiriki. Vincent akakataa. Kwa maoni yake, hakuna kilichochosha kama kuzunguka na kuzunguka juu ya kipande kilekile cha barabara. Akaongeza kwamba kama kungekuwa na mashindano ya kufunga mlango wa gari, kuvuka nusu ya Afrika na kurudi, na wa kwanza kufika ndiye mshindi, hapo angeshiriki. Cecil alilichukua neno hilo kwa uzito. Malkia Elizabeth II alikuwa anakaribia kutawazwa, kwa hiyo sababu ya sherehe ilikuwepo tayari, na tarehe 27 Mei 1953 yakaanza mashindano yaliyoitwa Coronation Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika.

Sheria za mwaka ule wa kwanza zinastahili kutazamwa kwa makini. Magari yalitakiwa yawe kama yanavyouzwa dukani, na yalipangwa katika madaraja kwa bei yake, hoja ya nguvu za injini ikawekwa kando. Mshindi wa jumla hakuwepo. Kila daraja lilikuwa na wake. Ni utaratibu wa mtu anayetaka kununua gari na kujua fedha yake inamnunulia nini katika nchi yenye mawe na tope. Ndiyo maana Volkswagen ndogo ya Alan Dix na Johnny Larsen ilizungumzwa kuliko magari ya bei kubwa, na ndiyo maana mwaka uliofuata Vic Preston na D. P. Marwaha walipoibuka washindi wa jumla kwa Volkswagen, wauzaji wa magari walikuwa na la kujivunia.

Sasa umbo la njia yenyewe. Mzunguko wa kawaida wa mbio, uwe Kyalami kule Afrika Kusini au Monza kule Italia, una kilomita chache, kona zinazojulikana kwa majina, na uzio. Dereva huikariri kona kwa kuipita mara 50. Safari haikuwa na lolote kati ya hayo. Njia yake ilifika karibu kilomita 5,000, usiku na mchana, na baadaye ikaangukia wikiendi ya Pasaka, yaani katikati ya masika. Iligawanywa vipande kwa vituo vya ukaguzi. Kila kipande kilipewa dakika zake, na kila dakika ya kuchelewa ilikuwa pointi ya adhabu. Aliyemaliza na pointi chache zaidi ndiye aliyeshinda. Aliyepanga njia hakuhitaji kujenga kona hata moja; alichora mstari kwenye ramani, akaandika dakika, na mvua ikafanya yaliyobaki.

Jambo jingine lilitofautisha mbio hizi na nyingi za Ulaya: barabara hazikufungwa. Gari la mashindano lilikutana na basi la abiria, lori la pamba, ng'ombe, mwanafunzi mwenye baiskeli. Hata namba ya kuanzia ilikuwa bahati nasibu. Wakati wa kiangazi wa mbele hupata hewa safi na wa nyuma hula vumbi. Mvua ikinyesha kidogo, wa mbele hupita kabla udongo haujakorogwa, na wanaofuata hukuta mashimo yaliyochimbwa na matairi 60 au 80. Mvua ikinyesha sana, wote ni sawa. Anayeuita mpango huu wa haki ana moyo mkubwa, lakini basi lililotoka Mpanda, mkoani Katavi, mwezi Aprili nalo halikuuliza habari za haki.

Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka Nairobi. Yaliyorudi yalikuwa 7. Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff ilikuwa ya kwanza. Miaka mitano baadaye, 1968, yaliondoka magari 93, mvua ikanyesha vilevile, na yaliyomaliza yakawa 7 tena, Nowicki na Cliff wakiwa mbele tena, na tena kwa Peugeot 404. Mtu asiyejua barabara za mbuga atadhani haya ni matokeo ya ajali. Kwa sehemu kubwa yalikuwa matokeo ya kukwama. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa huganda kwenye tairi, hujaza nafasi kati ya tairi na bodi, na gurudumu huacha kuzunguka huku injini ikiunguruma.

Hapo ndipo kisa cha Erik Carlsson, Mswidi wa Saab, kinapoingia. Mwaka 1964 gari lake dogo lilizama kwenye tope, na yeye na mwenzake Gunnar Palm hawakuwa na wa kuwasukuma. Gari lilikuwa jepesi na paa lake lilikuwa la mviringo. Basi wakalilaza ubavu, wakalipindua juu ya paa, wakalizungusha mpaka likasimama kwa magurudumu mahali pakavu, wakaondoka. Wakamaliza wa pili. Waandishi wa habari hawakusadiki, na Carlsson na Palm wakalazimika kulipindua tena mbele yao.

Tanganyika, kisha Tanzania, haikuwa nchi ya kupitia tu. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda 1966 na 1967 akiwa na Chris Rothwell, kwa Peugeot 404. Huyu ni dereva ambaye jina lake halitajwi vya kutosha nchini. Kenya ina Joginder Singh, aliyeshinda 1965 na mdogo wake Jaswant kwa Volvo ya mitumba, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, na aliyemaliza mbio 19 kati ya 22 alizoanza. Uganda ina Shekhar Mehta, aliyezaliwa huko, akakimbia enzi za Idi Amin, akashinda mara 5 kati ya 1973 na 1982. Hizi zilikuwa mbio za wenyeji wa barabara. Viwanda vya Ulaya na Japani vilileta madereva wao mashuhuri, nao wakarudi mikono mitupu mpaka 1972, pale Hannu Mikkola na Gunnar Palm waliposhinda kwa Ford Escort. Mwaka huo mbio zilianzia Dar es Salaam.

Dar es Salaam haikupewa tena nafasi hiyo kwa muda mrefu. Kuanzia 1974 njia ilibaki ndani ya Kenya, na jina lake, lililokuwa limebadilika kuwa East African Safari, likabaki Safari Rally. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Mtu anaweza kuchukua ramani za njia za Safari za miaka ile, azipange mezani kwa mpangilio wa tarehe, na ataisoma historia ya siasa ya ukanda huu bila kufungua gazeti.

Baada ya hapo njia iliendelea kusinyaa kwa sababu nyingine. Wanaosimamia ubingwa wa dunia wa rally walitaka vipande vifupi, vilivyofungwa, vinavyopimwa kwa sekunde na kuonekana kwenye televisheni. Mwaka 2002, Colin McRae aliposhinda, kilomita za ushindani zilikuwa zimebaki takriban 1,000. Kisha Safari ikaondolewa kwenye ubingwa huo kwa karibu miongo miwili. Iliporudi Juni 2021 ilikuwa na vipande 18 vyenye jumla ya kilomita 320, vingi vikiwa kandokando ya Naivasha: Kedong, Oserian, Loldia, Malewa, Soysambu, Hell's Gate. Sébastien Ogier alishinda.

Kipande cha Kasarani, Nairobi, ndicho kinachosema zaidi. Kina kilomita 4.8 hivi, kimetengenezwa kwa ajili ya watazamaji, na gari linaonekana likiondoka na likirudi. Neil Vincent angekitazama angekitambua mara moja: ni Langa Langa nyingine, tofauti ni televisheni. Vipande vya Naivasha bado ni vigumu, hasa lile vumbi laini kama unga linaloficha mawe na kuziba pumzi ya injini, lakini ni ugumu uliokodishwa kwa siku nne ndani ya mashamba na hifadhi, ilhali wa zamani ulikuwa wa barabara ya watu wote.

Mabadiliko hayo yana upande mzuri, na haki inadai usemwe. Kufunga barabara kumeokoa maisha. Kigali imeonyesha pia kwamba barabara za mji zinaweza kugeuzwa mzunguko kwa wiki moja na kurudishwa kwa wenyewe. Septemba 2025 ubingwa wa dunia wa baiskeli barabarani ulifanyika Afrika kwa mara ya kwanza, kwenye mzunguko wa kilomita 15.1 ukipanda mlima wa Kimihurura wenye mawe ya kutandikwa. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5. Tadej Pogačar alishinda, na waliomaliza walikuwa 30 tu. Rwanda imetangaza pia, Desemba 2024, kwamba inaomba kuandaa Formula 1, ambayo haijashindaniwa barani tangu Kyalami ya 1993. Mzunguko wa aina hiyo ni jengo, kama uwanja wa mpira, na gharama zake ni za jengo.

Turudi Karema. Kutoka Kagwira, upande wa Mpanda, kupitia Ikola, hadi Karema ni kilomita 112, na kwa miaka mingi barabara hiyo imekuwa ya udongo na changarawe. Mpangaji njia wa Safari ya 1963 angeipenda kupita kiasi: miteremko ya kushuka kuelekea ziwani, makorongo, kalavati linaloweza kuondoka na mvua ya usiku mmoja, na mwisho wa njia ni maji. Angeiandikia dakika 90, na karibu kila gari lingechelewa. Mara kwa mara hutokea mtu akashauri kwamba mikoa ya pembezoni ijitangaze kwa mbio za magari, na kwa Katavi wazo hili lina mvuto wake.

Lakini ubora wa barabara kwa Safari ya zamani ulikuwa ubovu wake kwa kila mtu mwingine. Karema leo ina bandari iliyojengwa kwa zaidi ya shilingi bilioni 47, kwa ajili ya mizigo inayovuka kwenda Kalemie na Moba, ng'ambo ya ziwa, nchini Kongo. Meli haisubiri lori lililokwama. Reli ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi, ikaishia hapo, na kilomita zilizobaki hadi ziwani ziliachiwa barabara. Dereva wa lori la mahindi anayeshuka kwenda bandarini anafanya kazi ileile ya Nowicki na Cliff, ila hana gari la akiba nyuma yake, hana mdhamini, na dakika zake za kuchelewa anazilipa yeye mwenyewe.

Kwa hiyo msimamo wa mhadhara huu ni kwamba Katavi isiombe mbio kwanza. Iombe lami ya kilomita 112, na mitaro na makalavati yatakayoifanya lami hiyo idumu masika baada ya masika. Siku ikiwa tayari, wapenda mbio wataikuta haina tena thamani kwao, na hawatakosa mahali: kandokando ya Mpanda njia za udongo zipo nyingi, zinafungika kwa nusu siku kwa makubaliano na vijiji, na hazina lori la bandarini.