Nguvu ya Radi na Mafuta ya Mjane

Twatumaini mifugo imekwisha kuingia zizini, watoto wamerudi, na chakula ki motoni. Karibuni tuketi pamoja kwa dakika hizi chache.

Mazungumzo yetu ya leo yametokana na swali ambalo vijana wa hapa Kabazi hupenda kuuliza. Ninyi mnaokaa kati ya Bahati na Subukia mwajua jinsi mvua za masika zinavyokuja. Asubuhi huwa na jua, alasiri mawingu hukusanyika, na kabla ya usiku mbingu zinanguruma. Radi ikimulika, mtu aweza kuyaona mabati ya jirani ng'ambo ya bonde kama mchana. Kisha giza hurudi, na mama hupapasa akitafuta kiberiti awashe taa ya chemni. Ndipo vijana husema: Juu yetu kuna umeme mwingi namna hii, nao hauna bili. Kwa nini tusiuvute chini, tuutie katika betri, tupate kusoma usiku?

Ni swali jema, wala haifai kuwakemea. Mungu aliyetupa akili hapendi tuifungie sandukuni. Basi tulitazame kwanza kwa akili, kisha tuliendee Neno la Mungu.

Ni kweli kwamba umeme uko hewani. Hauko wakati wa dhoruba peke yake. Hata siku ya jua kali, penye uwanda ulio wazi, kwa kila mita moja uendayo juu kuna tofauti ya volti 100 hivi. Wataalamu wamejua habari hizi kwa muda mrefu. Mwaka 1752, huko Philadelphia, Benjamin Franklin alirusha tiara kuelekea mawingu ya mvua, akapata cheche ndogo kupitia uzi uliolowa. Mwaka 1925 Hermann Plauson alipewa hati ya uvumbuzi huko Marekani kwa mpango wa kupandisha maputo angani ili yakusanye umeme wa hewa. Na katika miaka ya 1927 na 1928, wataalamu watatu kutoka Berlin walitandaza waya juu ya bonde katika mlima Monte Generoso, Uswisi, wakitaka kuikamata nguvu ya dhoruba. Cheche kubwa walizipata. Lakini mmoja wao, Curt Urban, alianguka mlimani akafa.

Hakuwa wa kwanza kufa katika kazi hiyo. Mwaka 1753, katika mji wa St. Petersburg, Urusi, mtaalamu Georg Richmann alikuwa nyumbani akikipima kifaa chake wakati wa dhoruba. Radi ilishuka kwa fimbo ya chuma aliyoisimamisha, ikamwua papo hapo.

Kwa hiyo, vijana wetu, twawasihi kama wazazi: msipande juu ya paa na waya mawingu yanaponguruma. Msijikinge mvua chini ya mti ulio peke yake shambani. Ingieni katika nyumba iliyojengwa imara, au ndani ya gari lenye mwili wa chuma. Tarehe 28 Juni 2011, katika shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda, radi iliwaua wanafunzi 18 pamoja na mwalimu wao, nao walikuwa darasani. Baadaye shule hiyo iliwekewa vikinga radi, yaani fimbo za chuma juu ya paa na waya mnene uendao hadi ardhini. Jambo hilo laweza kufanywa shuleni na makanisani kwetu. Kifaa hicho hakihifadhi umeme hata kidogo. Kinaupa njia ya kushuka bila kumdhuru mtu.

Tena, nyumba ya mtu ikipigwa na radi, tusianze kuulizana ni jirani gani aliyeituma. Wazee na wajane wameteswa kwa maneno kama hayo. Katika kitabu cha Ayubu, Mungu anamwuliza mtumishi wake kama yeye ndiye awezaye kuziamuru radi ziende na kurudi. Ayubu alinyamaza. Ikiwa Ayubu hakuweza, yule mama mjane wa pale mtoni ataweza wapi?

Sasa turudi kwenye swali. Mbona umeme wa radi hauwashi taa yoyote mpaka leo? Radi moja kubwa yakadiriwa kuwa na nguvu ya joule bilioni moja hivi. Tukiipima kama shirika la umeme lipimavyo, ni yuniti 280 tu. Nyumba itumiayo yuniti moja kwa siku ingemaliza radi nzima kwa miezi tisa. Lakini sehemu kubwa ya nguvu hiyo huishia hewani kwa joto, mwanga na ngurumo. Nayo yapita kwa kufumba na kufumbua, wala hakuna ajuaye itapiga wapi.

Labda mtu atasema, Basi twende mahali penye radi nyingi. Haya, twende Kabare, mashariki mwa Kongo. Vipimo vya setilaiti vilivyotangazwa mwaka 2016 vilionyesha kwamba mahali pale hupata radi 205 hivi kwa mwaka katika kila kilomita mraba, kuliko penginepo pote katika Afrika. Tukizikamata zote bila kupoteza hata moja, wastani wake kwa mwaka ungekuwa kilowati sita na nusu. Nguvu hiyo yashindwa na mota ya kinu cha posho cha kawaida. Na ule umeme wa siku ya jua ni hafifu zaidi. Ili kuwasha taa moja ndogo ya wati 5, mngehitaji kukusanya umeme wa hewa ya maelfu ya ekari.

Wakati huohuo, wapenzi, tazameni upande wa Menengai. Tangu mwaka 2023 mtambo wa megawati 35 umekuwa ukitoa umeme kwa mvuke wa ardhini. Mvuke ule hautikisi madirisha ya mtu, ila wapanda usiku na mchana, nao umewekewa mabomba. Tazameni pia kile kibao cha sola juu ya paa la jirani. Jua halipigi kelele likichomoza, lakini jioni taa yawaka. Basi lifaalo nyumbani ni lile lidumulo, hata likiwa dogo.

Hapa ndipo twapenda kuwapeleka kwa nabii Eliya. Mwamjua Eliya wa Mlima Karmeli. Aliomba, moto ukashuka toka mbinguni mbele ya taifa zima, ukateketeza dhabihu na kuni na mawe, ukaramba na maji ya mferejini. Watu wakaanguka kifudifudi. Ni nani kati yetu aliyepata kuona ibada kama ile?

Lakini soma sura inayofuata. Baada ya moto ule, Eliya huyohuyo anakimbia kwa hofu ya Yezebeli. Anaketi chini ya mti jangwani, anaomba afe. Moto wa Karmeli haukumtosha kwa safari. Mungu alifanya nini? Hakumletea moto wa pili. Alimwacha alale, akamtumia mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha tena. Hatimaye huko Horebu vikapita upepo, tetemeko na moto, lakini Eliya alimsikia Bwana katika sauti ndogo, ya utulivu.

Tena, kabla ya Karmeli, Eliya alikuwa amekula kwa mjane wa Sarepta. Mama yule alikuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo tu chupani. Mungu hakumjazia ghala. Chupa haikufurika, ila haikukauka. Kila asubuhi alikuta ya siku ile. Na kwa hayo machache ya kila siku walipita njaa yote yeye, mwanawe na nabii.

Ndugu zetu, wengi wetu twangoja radi. Twasafiri mpaka Nakuru mjini kwenye mkutano mkubwa wa Injili, twalia machozi, twainua mikono. Ni vyema, kwa maana Mungu hutuma moto apendapo. Lakini Jumanne jirani akija kuomba chumvi, twamjibuje? Kuna baba ambaye kila mtu amejua ushuhuda wake wa kuokoka, mwaka na tarehe, ila watoto wake hawajapata kumsikia akiomba mezani. Kuna ndugu atoaye fedha nyingi siku ya harambee, watu wakapiga makofi, lakini mama yake kule juu anaazima mafuta ya taa. Je, mwangaza wa namna hiyo wamsaidia nani kusoma?

Nasi twamjua pia yule mama asiyesimama mbele ya watu, ambaye kila jioni hupita kwa mgonjwa na kikombe cha uji. Hajawahi kutoa ushuhuda wa kutisha. Lakini mgonjwa yule, akisikia hatua zake mlangoni, ajua kwamba Mungu hajamsahau. Chupa ya mama huyo haijakauka.

Basi usidharau sala yako fupi ya alfajiri kabla ya kukamua. Usidharau mistari mitano unayosoma na watoto, hata kama mmoja anasinzia. Usione haya kumwomba mkeo msamaha usiku huohuo badala ya kungoja mahubiri makubwa yawapatanishe. Hayo ndiyo mafuta. Na kama umezimika leo kama Eliya chini ya mti, usidhani Mungu amekukataa kwa kuwa moto haushuki. Pengine amekwisha kuweka mkate kichwani pako. Amka, ule.

Tuombe. Ee Baba, wewe ndiwe mwenye mbingu na ngurumo zake. Walinde watoto wetu shuleni na njiani mvua zinaponyesha. Uondoe midomoni mwetu maneno ya kuwashtaki majirani. Utupe mafuta ya leo, na kesho utupe ya kesho, ili nyumba zetu zisikae gizani, na mpitaji njia apate kuona mlango. Twaomba hayo kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.