Kitale na Bungoma kwa Miguu

Walk Score, iliyoanzishwa Seattle mwaka 2007, huupa mtaa alama kuanzia 0 hadi 100 kwa kupima umbali wa kutembea hadi dukani, shuleni au bustanini. Kwa maktaba ndogo ya msimbo, mtunzi wa programu huzipata alama hizo mara moja.

Akiuliza kuhusu Kitale au Bungoma, miji ya magharibi mwa Kenya, hapati kitu.

Njia nyingine ya kupima umbali huo ipo. OSMnx, maktaba ya lugha ya Python, huchota barabara kutoka ramani huria ya OpenStreetMap, ambamo vijana wa Kibera, Nairobi, walichora mtaa wao mwaka 2009. Hata hivyo, umbali pekee hautoshi: mwenda kwa miguu kutoka Kanduyi hadi Musikoma, huko Bungoma, anahitaji pia kivuko cha barabara na taa. Kaunti za Trans Nzoia na Bungoma ziviweke vitu hivyo ramanini.