Homa ya sindano na homa nyingine



Jioni ya leo nataka tuzungumze juu ya maneno mawili tu: "Ni sindano." Mtaani kwetu maneno haya hayakauki. Mama mjamzito akirudi kliniki na mkono umemvimba, tunamwambia ni sindano. Akishinda amelala, ni sindano. Akikataa chakula, ni sindano. Mimi mwenyewe nimeyasema maneno hayo mara mbili kwa mtu yule yule. Mara ya kwanza nilisema kweli. Mara ya pili nilikaribia kumwua.

Mtu huyo ni wifi yangu, mke wa mdogo wangu. Mwaka juzi alikuwa na mimba yake ya kwanza. Ilipotimiza miezi minne akaenda kuanza kliniki katika zahanati moja hapa jijini. Alifika saa kumi na mbili asubuhi akakuta benchi limejaa. Akapimwa uzito, akapimwa presha, akatolewa damu, akamezeshwa vidonge vya kukinga malaria, na mwisho akaingizwa chumba cha sindano. Alichoambiwa humo kilikuwa hiki: "Nyoosha mkono. Tayari. Mwingine!" Kadi ikaandikwa tarehe ya kurudi, akaondoka.

Usiku ule mkono ulikuwa mzito kama si wake. Mahali alipochomwa pamevimba, pana joto, hapagusiki. Mwili ukamchemka kidogo, viungo vikamuuma. Akanipigia simu, sauti inatetemeka: "Wifi, wamenipa nini hawa? Mtoto wangu mzima kweli?" Nikamwambia, "Ni sindano hiyo. Meza Panadol, lala." Siku ya pili jioni alikuwa mzima, anapika.

Sasa, kabla sijaendelea na habari ya wifi yangu, tuulizane: ni nini kile alichochomwa?

Ilikuwa chanjo ya pepopunda, ambayo siku hizi mara nyingi huchanganywa na ya dondakoo. Haina kidudu kilicho hai ndani yake. Kilichomo ni sumu ya vidudu hivyo iliyokwisha kuvunjwa makali kiwandani, pamoja na chumvi ya alumini ya kuuamsha mwili. Haiwezi kumpa mtu pepopunda. Kazi yake ni kuwafundisha walinzi wa mwili sura ya adui. Ni kama sungusungu wanaopulizwa filimbi ya majaribio usiku wa manane: mwizi hayupo, lakini mtaa mzima umeamka, na asubuhi kila mtu ana macho mekundu. Yale maumivu ya mkono, ule uvimbe, ule uchovu na kajoto kadogo, ndiyo macho mekundu ya sungusungu. Huanza siku ile ile au ya pili yake, na kwa kawaida siku mbili tatu hazipiti yamekwisha.

Na kwa nini achomwe mama mjamzito? Kwa sababu walinzi hao huvuka kondo la nyuma wakaingia katika damu ya mtoto, naye huzaliwa na kinga aliyoazima kwa mama yake. Wazee wetu waliijua pepopunda ya watoto wachanga bila kupewa jina la kidaktari. Mtoto huzaliwa mzima, ananyonya vizuri siku mbili za mwanzo. Kisha, kuanzia siku ya tatu na kuendelea, mdomo unakaza, hawezi kunyonya, mwili unakakamaa kama ubao, akiguswa tu anashtuka. Kidudu kimeingia kwa kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu au kupakwa kitu kichafu. Asipopata matibabu, mtoto huyo ni nadra sana kupona.

Shirika la Afya Duniani lilikisia kwamba mwaka 1988 watoto wachanga 787,000 walikufa kwa ugonjwa huu duniani. Kwa mwaka 2018 makisio yalikuwa 25,000. Uganda ilithibitishwa mwaka 2011 kuwa imeutokomeza kama tatizo la afya ya jamii, Tanzania mwaka 2012, na Kenya mwaka 2018. Uzazi safi umechangia, na sindano imechangia. Lakini kutokomeza si kumaliza. Kidudu chenyewe kinakaa katika udongo na kinyesi cha wanyama, na udongo hatuwezi kuuchanja. Tukiacha kuchanja akina mama, ugonjwa utarudi.

Turudi kwa wifi yangu. Wakati ule mkono unamuuma, jirani mmoja aliyekuwa akisukwa nywele barazani alimwambia: "Ndizo hizo sindano za kufunga kizazi." Wifi yangu hakubisha wala hakukubali. Lakini mwezi uliofuata, tarehe ya kadi ilipofika, hakwenda. Alisema ana nguo za kufua.

Uvumi ule haukuzaliwa barazani kwetu. Miaka ya 1990 ulisikika Mexico na Ufilipino. Mwaka 2014 nchini Kenya, maaskofu wa Kanisa Katoliki walipinga hadharani kampeni ya chanjo ya pepopunda, wakidai ndani yake mna homoni ya kuharibu uzazi. Serikali ya Kenya, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha. Mimi ninayezungumza nanyi nilichomwa sindano hizo katika mimba zangu zote, na baada ya sindano za mimba ya kwanza nimezaa wengine wawili. Kama zingefunga vizazi, wodi zetu za wazazi zingekuwa zimeota majani siku nyingi.

Lakini simlaumu sana yule jirani. Uvumi hupata njia pale palipo kimya. Mwanamke aliyeambiwa na nesi, "Mama, usiku wa leo mkono utakuuma na huenda ukasikia homa kidogo, usiogope," mkono ukimuuma atasema, kweli nesi alinena. Yule ambaye hakuambiwa kitu, mkono ukimuuma atakwenda kutafuta maelezo barazani, na barazani maelezo hayakosekani. Najua wauguzi wetu ni wachache na benchi ni refu. Hata hivyo sentensi ile niliyoitaja haimalizi nusu dakika.

Na tazameni nusu dakika ile ilivyotugharimu. Kwa kuikimbia sindano, wifi yangu aliruka hudhurio zima. Kuruka hudhurio ni kuruka pia vidonge vya SP vya kukinga malaria, ambavyo mama mjamzito hupewa kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikiisha, kila baada ya mwezi mmoja, visipungue dozi tatu hadi kujifungua. Ni kuruka kupimwa presha, na kuruka kuangaliwa kama mtoto anakua. Aliogopa mkono kuuma, akaacha wazi mlango mwingine.

Mimba ikiwa ya miezi sita tulimbembeleza, akarudi. Akachomwa sindano ya pili siku ya Jumatatu. Jumatano akaanza homa. Akanipigia, nami nikajibu bila hata kufikiri: "Si unakumbuka mara ile? Ni sindano." Alhamisi homa ikapanda, akatetemeka, kisha ikashuka, akaamka akanywa uji. Nikasema, unaona? Inaondoka. Ijumaa ikarudi, safari hii na kichwa kinachopasuka na kutapika. Nikasema, hii dozi ya pili ina nguvu kuliko ya kwanza. Ndugu wasikilizaji, nilisema hivyo mimi, mtu mwenye elimu yake, ambaye kila wiki hukaa mbele ya kipaza sauti kuwafundisha wenzake.

Aliyemwokoa ni mama yangu mzazi, ambaye hakuketi darasani hata siku moja. Jumamosi asubuhi alimtazama mkwewe, akampapasa bega lile lililochomwa. Halikuwa na uvimbe wala maumivu. Akasema: "Sindano imekwisha kuondoka hapa. Hii inayokwenda na kurudi ni homa nyingine. Iteni gari."

Hospitali walimtoboa kidole, tone moja la damu, na kabla ya dakika 20 jibu lilikuwa mezani: malaria. Damu yake ilikuwa imeshuka hadi gramu 7. Daktari alituuliza mgonjwa ameanza lini. Tukasema Jumatano. Akauliza mbona mmekaa naye. Hapakuwa na mtu wa kujibu, na mimi niliangalia sakafu.

Malaria kwa mama mjamzito si malaria ya kawaida, na mimba ya kwanza ndiyo yenye hatari zaidi. Vidudu hujificha katika kondo la nyuma, mahali ambapo mtoto hupokelea chakula chake. Mama huishiwa damu, mtoto hudumaa tumboni, na mimba huweza kutoka au mtoto akazaliwa mfu. Tusidanganyane pia kwamba haya ni ya shamba. Hata mjini mbu wapo.

Wifi yangu alilazwa, akatibiwa, akapona. Mtoto alizaliwa ana kilo 2.1, mdogo kama kifaranga, akabebwa kifuani kwa mama yake ngozi kwa ngozi kwa majuma kadhaa. Leo anatembea, anavunja vikombe. Lakini ningekuwa mwongo nikisema kwamba kila nimwonapo sikumbuki zile siku tatu nilizomwambia mama yake alale.

Basi tufanyeje? Kwanza, mama mjamzito usiikimbie chanjo. Dozi ya pili huchomwa si chini ya majuma manne baada ya ya kwanza, na iwe imepata walau majuma mawili kabla ya kujifungua. Zipo dozi nyingine za baadaye, na zikifika tano, mama amekingwa kwa miaka yake yote ya kuzaa. Kadi itunze, maana bila kadi utaanza kuhesabiwa upya.

Pili, ukishachomwa usikimbilie daladala. Kaa pale zahanati kama robo saa hadi nusu saa. Ni nadra sana, lakini wapo ambao mwili huikataa sindano kwa ghafla: vipele mwili mzima, uso kuvimba, pumzi kubana. Hayo hutokea mapema, na dawa yake iko pale pale.

Tatu, mkono ukiuma, kitambaa cha maji baridi na paracetamol kwa kipimo chake vinatosha. Usijinunulie aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni dukani bila kuuliza, kwa kuwa si dawa za mjamzito kujimezea.

Nne, na hili ndilo lililonileta hapa leo: homa kwa mama mjamzito haina ruhusa ya kusubiri. Ikiwa mwili una joto la kweli, ikiwa kuna kutetemeka, au kajoto kadogo kamevuka siku ya pili, nenda kapime. Tena msihesabu siku tu mkajiona salama, kwa sababu sindano na malaria vinaweza kukutana usiku mmoja. Ile mara ya kwanza niliposema kweli, niliotea tu. Na yako mambo ambayo hayafai kusingiziwa sindano, hata yakitokea saa moja baada yake: kutoka damu, kutokwa na maji, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona kiza, uso na mikono kuvimba, degedege, au mtoto kupunguza kucheza tumboni. Mambo hayo hayana Panadol. Ni hospitali, usiku au mchana.

Kwa wauguzi wetu nina ombi la nusu dakika. Mwambieni mama kitakachomtokea usiku ule, na mwambieni pia ni lini arudi mbio. Na ninyi akina mama, ulizeni kabla hamjashusha mkono wa gauni. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Nasi wengine, akina wifi, akina mama wakwe, akina baba wa nyumba na majirani wa barazani, tupunguze kutoa majibu tuongeze maswali. Badala ya kusema "Ni sindano," tuulize: "Ulichomwa lini? Homa imeanza lini? Umepima?" Mama yangu aliuliza kwa kidole chake begani, akapata jibu ambalo mimi kwa simu sikulipata siku tatu nzima.

Hadi wiki ijayo, panapo majaliwa. Kwa herini.