Pombe Imeiva Lini?

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya kikundi cha wapika pombe, Mbangala)



Leo tuzungumze juu ya pombe. Siyo juu ya kuinywa, maana kwa hilo wengi wetu hatuhitaji mwalimu. Tuzungumze juu ya swali moja linalomsumbua kila anayetengeneza kwa mara ya kwanza: pombe ikae mpaka lini ndipo itiwe kwenye chupa?

Swali hili halikuwasumbua bibi zetu. Komoni ya mahindi na kimea cha ulezi hainywewi chupani. Hunywewa ikiwa bado inachemka, na isipokwisha mapema huchacha na kumwagwa. Lakini wako wenzetu wanaotengeneza wanzuki ya asali, nao wanataka kuihifadhi kwenye chupa ili waiuze kidogo kidogo. Wazo ni zuri. Ila tujue kwamba chupa iliyozibwa kabla ya wakati hupasuka. Kigae kikimwingia mtoto jichoni, hakuna fedha ya pombe itakayolirudisha jicho lile.

Kwa nini chupa hupasuka?

Chachu ni kiumbe hai, kidogo mno hata macho hayakioni. Mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur, ndiye aliyelionyesha jambo hili vizuri katika miaka ya 1850 na 1860. Chachu hula sukari, na ikila hutoa vitu viwili: kileo na hewa. Hewa hiyo ndiyo mapovu tunayoyaona. Katika ndoo iliyofunikwa kwa kitambaa, hewa hutoka ikaenda zake. Katika chupa iliyozibwa haina njia. Hujibana humo, hujisukuma, mwisho chupa inashindwa.

Haya, tupige hesabu. Kijiko kimoja cha chai cha sukari, kisichojaa sana, kina gramu 4 hivi. Karibu nusu yake hugeuka hewa, yaani gramu 2. Katika chupa ya nusu lita, hiyo inatosha kuifanya pombe itoe povu kama bia ya kiwandani. Sasa, pombe changa iliyobakiza sukari ya vijiko vitatu katika chupa hiyo hiyo itatoa hewa mara tatu. Hapo ndipo hatari ilipo, na kwa macho huwezi kuiona.

Tutajuaje kwamba imeiva?

Watu huuliza, "Ni siku ngapi?" Ndugu zetu, siku peke yake hazitoshi. Wanzuki huweza kuchemka chini chini kwa wiki kadhaa. Tutazame dalili, tena zote pamoja.

1. Mapovu. Yakikoma kupanda, ni dalili nzuri. Lakini yasikudanganye, maana baridi huilaza chachu. Pombe iliyotulia Tunduma wakati wa baridi ya Juni na Julai, ikiletwa penye joto huamka tena.

2. Ulimi. Onja kidogo. Ikiwa tamu kama togwa, bado. Iliyoiva utamu wake umepungua sana, umebaki ukali.

3. Macho. Juu pombe huanza kung'aa, na chachu hulala chini kama tope jeupe.

4. Chupa ya plastiki. Hiki ni kipimo cha maskini, nacho ni kizuri. Chukua chupa safi ya soda, itie pombe, acha nafasi ya vidole viwili, kisha funga. Iweke ndani penye joto, siyo juani. Iminye kila siku kwa siku tatu. Ikiwa ngumu kama soda ambayo haijafunguliwa, chachu bado inakula. Ifungue taratibu, na pombe yote iendelee kukaa. Ikibaki laini, ni dalili kwamba sukari imekwisha.

5. Haidromita. Ni kijiti cha kioo kinachoelea. Katika maji matupu husoma 1.000. Katika maji yenye sukari huelea juu zaidi na kusoma namba kubwa, labda 1.050. Sukari ikiliwa, namba hushuka. Pima leo, upime tena baada ya siku tatu. Namba ikishuka, ngoja. Ikiwa ile ile, na dalili nyingine zinakubali, tia chupani. Kikundi kikichanga, kifaa kimoja kinawatosha wote.

Siku ya kutia chupani

Tumieni chupa za bia, maana zimetengenezwa kubeba hewa. Chupa bapa za pombe kali zisitumike, hazina nguvu hiyo. Osheni kwa maji yaliyochemka. Chukueni pombe ya juu, tope libaki chini. Anayetaka povu atie kijiko kimoja cha sukari kwa chupa ya nusu lita, asizidishe. Chupa zikae ndani ya kreti, zifunikwe gunia zito, mbali na watoto na mbali na jua.

Tena, kuuza pombe kunataka leseni, kwa sheria ya vileo ya mwaka 1968. Ulizeni halmashauri kabla ya kuanza, siyo baada ya kukamatwa.

Ndugu zetu, wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Ukingoja wiki moja zaidi hupotezi pombe. Ukiharakisha siku moja, unaweza kupoteza kreti nzima, na pengine jicho la mtu.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mapovu yaliyokoma si ushahidi wa kutosha?
2. Chupa ya plastiki inatuonyesha nini ambacho chupa ya kioo haiwezi?
3. Kikundi chetu kitahifadhi wapi chupa ili watoto wasizifikie?