Upole wa Isaka na Visima Vyake



Tumeombwa tuseme machache juu ya upole wa Mkristo. Mtu akisifiwa kuwa mpole, wengi hudhani ya kwamba ni yule asiyeweza kusema, ambaye hata kuku wake wakichukuliwa hunyamaza. Huo ni woga, na Maandiko hayausifu.

Twapenda kumtazama Isaka, katika Mwanzo mlango wa 26. Alitajirika kwa mifugo hata Abimeleki, mfalme wa Gerari, akamwambia aondoke. Visima vilivyochimbwa siku za baba yake, Wafilisti walikuwa wamevifukia. Yeye akavifukua, akaviita kwa majina yale yale aliyoyatoa baba yake. Kisha watumishi wake wakachimba bondeni wakapata maji. Wachungaji wa Gerari wakadai ni yao, naye akaondoka. Kikachimbwa cha pili, ugomvi ukawa ule ule. Cha tatu hakikugombewa, akakiita Rehobothi, maana yake nafasi. Wenzetu waliochimba kisima katika nchi kavu, kwa jembe na karai, ndio wajuao uchungu wa kuacha maji yaliyokwisha kuonekana.

Hatusemi ya kwamba mwenye shamba alitupe likichukuliwa na jirani. Isaka alikuwa na mahali pa kwenda. Wengi wetu hatuna. Lakini hatusomi popote ya kwamba alivifukia visima alivyoviacha. Aliyaacha maji, wakanywa waliogombana naye.

Hapo ndipo tujipime sisi wa vyama. Mtu ashindwapo katika uchaguzi, je, daftari la hesabu hulikabidhi siku ile ile, au huliweka nyumbani mwake mpaka aombwe mara tatu? Wako wanaokoma kutoa ada, wakawavuta na watu wa ukoo wao watoke pamoja nao. Hao wafukia kisima, na atakayekosa maji si mwenyekiti mpya. Ni mjane ambaye maiti ya mumewe yangoja gari la kuipeleka nyumbani.

Wala Isaka hakumeza uchungu wake. Abimeleki alipomjia baadaye huko Beer-sheba pamoja na wakubwa wake, aliwauliza wazi wamefuata nini kwake, nao walimchukia na kumfukuza. Aliwauliza usoni, si nyuma ya migongo yao. Kisha akawaandalia karamu. Asubuhi wakaapiana, wakaagana kwa amani. Bwana wetu naye, alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, aliuliza sababu ya kupigwa, wala hakurudisha.

Basi mwanachama aulizaye juu ya fedha za chama hajapungukiwa na upole, na mweka hazina asimhesabu kuwa adui. Stakabadhi zisomwe, naye akiisha kujibiwa akubali kuketi. Shauri linalofuata leo ni hesabu za mwaka, na baada yake uchaguzi. Daftari liko mezani.